Barua za Wakati wa Vita: Waume, Wake na Jamaa zao katika Likasi, 1940–1945

Watoto wetu shuleni hufundishwa kwamba askari wa Kongo walishinda Asosa, Gambela na Saio katika mwaka 1941. Ni vema wafundishwe hivyo, maana sifa ya wazee haifai kupotea. Lakini mara chache huambiwa habari za mke kijana aliyebaki nyumbani, za wazazi waliongoja neno la mwana wao, na za barua zilizotembea miezi mingi kabla ya kufika mlangoni. Leo twataka kuzungumza juu ya barua hizo. Twaamini kwamba anayejua namna zilivyoandikwa na namna zilivyopokewa, amejua jambo kubwa juu ya ndoa na juu ya jamaa, na si juu ya vita tu.

Mji wetu katika siku zile

Likasi wakati ule uliitwa Jadotville. Jina hilo lilitolewa katika mwaka 1931 kumheshimu Jean Jadot, mmojawapo wa wakubwa wa kampani ya Union Minière. Baadaye, katika siku za Rais Mobutu, mji ulirudishiwa jina lake la kwanza. Watu walikuwa wamekuja kutoka pande zote: Wasanga na Wayeke wa karibu, Walamba, Wabemba, Waluba wa Katanga na Waluba wa Kasai. Wengi walikuwa vijana, wengi wamefunga ndoa karibuni, na wazee wao walibaki vijijini, mbali sana. Kwa hiyo hata kabla ya vita barua ilikuwa chombo cha lazima. Mfanyakazi wa Panda au wa Shituru aliyetaka kumjulisha baba yake kwamba amepata mtoto, ilimpasa atafute karatasi, wino, na mtu wa kuandika.

Tarehe 10 Mei 1940 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na tarehe 28 mwezi ule ule mfalme Leopold III alisalimisha jeshi lake. Kongo haikusalimu amri. Gavana Mkuu Pierre Ryckmans aliiweka upande wa Waingereza na wenzao. Mwezi wa Novemba 1940 Ubelgiji ikaingia vitani na Italia, na hapo askari wetu wakaanza kusafirishwa kuelekea kaskazini.

Ilikuwa safari ya ajabu. Walipita mito na misitu mpaka mpaka wa Sudani, wakashuka kwa mto Nili, wakapanda milima ya Abesinia. Asosa ilitwaliwa mwezi wa Machi 1941, na Gambela mwezi ule ule. Mwezi wa Julai 1941, huko Saio, Jenerali Gazzera wa Italia akajisalimisha kwa Jenerali Gilliaert pamoja na maelfu ya watu wake. Baada ya hapo askari wengine walipelekwa Nigeria, na kutoka huko Misri na Palestina, hata wakakaa karibu na miji tunayoisoma katika Injili. Waganga na wauguzi wa hospitali ya vita ya Kongo walikwenda mbali kuliko wote: Madagaska, kisha Burma, pamoja na askari wa Afrika ya Mashariki waliosema Kiswahili kama sisi.

Mke aliyebaki Jadotville hakuwa na ramani. Alijua tu kwamba mumewe amekwenda. Na barua zilipofika hazikumwambia mahali alipo, maana zilifunguliwa na kusomwa na wakubwa wa serikali ili siri za jeshi zisitoke. Mtu aliweza kuwa Yerusalemu, akaandika kwamba yuko «mahali fulani».

Barua ilijengwaje?

Tumchukue kijana mmoja kama mfano, wala tusimpe jina, kwa kuwa walikuwa wengi. Amefunga ndoa misioni mwaka mmoja kabla ya kuitwa. Mali ya ndoa haijakwisha kulipwa. Mkewe ana mimba. Sasa yuko mbali na ataka kuandika nyumbani. Ataandika kwa nani?

Hapo ndipo penye jambo la kutazama. Kwa desturi yetu barua ya mwana haikwenda kwa mke. Ilikwenda kwa baba, au kwa kaka mkubwa, au kwa mjomba katika kabila zinazohesabu ukoo upande wa mama. Ilianza kwa salamu ndefu: mimi ni mzima, hofu yangu ni juu yenu, kisha wakaamkiwa wote kwa daraja yao: baba, mama, wajomba, shangazi, ndugu, wazee wa kijiji, baba mkwe na mama mkwe. Mwishoni kabisa, baada ya majina ishirini, aliandika: «na mke wangu naye msalimuni». Mtu asiyejua desturi angesema kwamba kijana huyu hampendi mkewe. Sivyo. Heshima ilimzuia kumtaja mkewe mbele ya wazee. Mke aliyesikia barua ikisomwa mbele ya jamaa yote aliyangoja maneno yale machache ya mwisho, na yalimtosha kwa mwezi mzima.

Lakini ndoa ya Kikristu ilikuwa imeleta neno jipya. Katika Sakramenti ya ndoa, mume na mke wamepeana ahadi wao wenyewe, kila mmoja kwa kinywa chake, mbele ya padri na mashahidi. Basi waume wengine wakaanza kumwandikia mke mwenyewe, jina lake juu ya bahasha. Jambo hili dogo lilileta manung'uniko katika nyumba nyingi. Wazee waliuliza: je, mwana wetu ametusahau? Kwa nini mwanamke apokee barua, na sisi tuliomzaa tukae bila neno? Mume mwenye busara aliandika barua mbili, au aliandika moja yenye sehemu mbili: mbele habari za jamaa, nyuma habari za mkewe.

Tena kulikuwa na shida ya kusoma. Askari wengi hawakujua kuandika. Walimwendea rafiki aliyepita shule, wakamwambia maneno kwa Kiswahili cha nyumbani, naye labda akayatia katika Lingala ya kambi au katika Kifaransa chake kidogo. Huku nyumbani mke naye, kama hakwenda shule, alimpelekea barua mwalimu au katekista. Hivyo neno la mume kwa mkewe lilipita katika mikono ya watu wanne au watano: mwandishi wa kambini, mkaguzi wa serikali, karani wa posta, msomaji wa misioni, na mara nyingi mama mkwe aliyeketi karibu akisikiliza.

Sisi makatekista tuna sababu ya kuikumbuka kazi hiyo. Waliotutangulia walifundisha watu kusoma ili wajue Katekisimu na sala. Na kwa alfabeti ile ile watu wakaandikiana. Mwenye kusoma barua za wengine alishika siri nyingi. Alijua nani ana deni, nani ana wivu, mtoto wa nani ni mgonjwa. Kama alikuwa mwaminifu, alisoma neno kama lilivyoandikwa, hakuongeza wala hakupunguza, kisha akafunga kinywa. Kama hakuwa mwaminifu, aliweza kuvunja nyumba kwa sentensi moja.

Fedha na mashaka

Mambo gani yaliandikwa mara nyingi? Katika Kenya, Uganda na Tanganyika, serikali ya Waingereza ilizikagua barua za askari wa King's African Rifles, na wakaguzi waliandika taarifa za yale waliyosoma. Taarifa hizo zimehifadhiwa, na wenye elimu ya historia wamezisoma. Mambo mawili yarudi daima: fedha na mke. Askari wale waliweza kuagiza sehemu ya mshahara wao itolewe nyumbani kwa njia ya ofisi ya wilaya. Halafu wakaanza kuuliza: je, fedha imefika? Nani ameipokea? Mke ameandika kwamba hajaona kitu. Kaka ameandika kwamba mke ametumia yote. Nani asema kweli?

Na juu ya mke, maneno yalikuwa machungu zaidi. Barua ya jirani moja tu, yenye kusema kwamba mkewe ameonekana na mtu mwingine, ilimfanya askari aombe ruhusa ya kurudi, au akose usingizi hata mwisho wa vita. Habari nyingine zilikuwa za kweli. Nyingine zilikuwa uongo mtupu, kwa sababu ya chuki au kwa sababu ya fedha. Naye aliye umbali wa kilometa elfu tatu hana njia ya kupima. Yeyote ajuaye nyumba zetu ataona kwamba mashaka haya si ya kabila moja wala ya nchi moja.

Hapa twagusa jambo ambalo Wakristu wengi hawalijui. Kama barua zilikoma kabisa, mke alikuwa katika hali gani? Jamaa ya mume iliweza kusema: mwana wetu amekufa, sasa utarithiwa na ndugu yake, kama ilivyo desturi. Jamaa yake mwenyewe iliweza kusema: rudi nyumbani, uolewe tena. Lakini sheria ya Kanisa yasema kwamba kutokuwapo kwa mume, hata kwa miaka mingi, peke yake hakutoshi. Yatakiwa uchunguzi na hakika ya kifo kabla mjane hajafunga ndoa mpya. Sheria ile ile ipo hata leo. Basi barua ya rafiki wa kambini, iliyosema kwamba amemwona fulani akifa na akazikwa mahali fulani, ilikuwa ushuhuda mzito. Iliweza kumfungua mwanamke, na kukosekana kwake kuliweza kumwacha kati, si mke wala mjane. Wengine wataona sheria hii ni ngumu. Lakini tufikiri pia juu ya mume aliyechelewa tu, akarudi mwaka 1945, akakuta mkewe bado amemngoja. Sheria ilimlinda huyo.

Maneno ishirini na matano

Si Waafrika peke yao waliongoja barua. Jadotville palikuwa na mainjinia wa Ubelgiji pamoja na wake zao vijana, tena mapadri na masista, ambao wazazi wao walikuwa chini ya Wajerumani. Posta ya kawaida kati ya Kongo na Ubelgiji ilikatika katika mwaka 1940. Ikabaki njia ya Msalaba Mwekundu, kwa kupitia Geneva. Mtu alipewa karatasi moja yenye nafasi ya maneno 25 tu, yawe habari za jamaa, pasipo siasa wala vita. Jibu liliandikwa nyuma ya karatasi ile ile. Lilichukua miezi mingi. Duniani kote karatasi hizo zilizopita Geneva wakati wa vita zilikuwa kama milioni 24.

Jaribu mwenyewe, msomaji: umwambie mama yako kwa maneno 25 kwamba umeoa, kwamba mkeo ni mzima, kwamba mtoto amezaliwa na amebatizwa, na kwamba wasali pamoja nawe. Utaona kwamba kila neno lina bei. Binti aliyemaliza maneno yake hakuweza kumwuliza mama yake namna ya kumtunza mtoto mwenye homa. Ilimpasa amwulize jirani. Mpaka Septemba 1944, Brussels ilipofunguliwa, wazungu wale waliojiona wakubwa katika mji wetu walikuwa wakingoja kama mke wa askari wa kambini alivyongoja. Vita iliwafanya kuwa sawa katika jambo hilo moja, ingawa katika mambo mengine walikaa mbalimbali.

Barua zisizorudi

Kuna jamaa nyingine ambazo wazee wa mji wanazikumbuka kwa maduka yao: Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Walikaa hasa Elisabethville, lakini hata Jadotville walikuwapo. Walikuja wakiwa vijana, wakafanya biashara, wakaoa wasichana wa kisiwa chao, na wazazi walibaki kule. Kisiwa kilikuwa chini ya Italia. Mwaka 1943 Wajerumani wakakitwaa. Mwezi wa Julai 1944 wakawakamata Wayahudi waliokuwapo, karibu 1,700, wazee kwa watoto, wakawatia katika merikebu, kisha katika magari ya moshi, mpaka Auschwitz. Waliorudi hai walikuwa kama 150 tu.

Vita ilipokwisha, watu katika Katanga waliandika barua kwa baba, kwa mama, kwa dada, wala hawakupata jibu, kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kujibu. Baadhi ya wachache waliopona walikuja Kongo kwa ndugu zao. Sisi Wakristu tunaosali Zaburi za watu wale, yatupasa tuijue habari hii, nasi tusiione kama habari ya mbali. Iliingia katika nyumba za mji wetu wenyewe.

Wale wasioandika

Haki yatutaka tuseme pia juu ya wale ambao hawakuacha karatasi. Wakati wa vita kazi iliongezwa kila mahali. Katika mwaka 1942 serikali iliamuru kwamba watu wa vijijini waweze kufanyizwa kazi ya lazima siku 120 kwa mwaka, badala ya 60. Mwezi wa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma Jadotville na Elisabethville, kwa sababu bei za vitu zilipanda na mshahara haukutosha. Tarehe 9 Desemba askari waliwapiga risasi katika uwanja wa mpira wa Elisabethville. Léonard Mpoyi aliuawa pamoja na makumi ya wengine. Vijijini Kasai wazazi walingoja barua za wana wao zisizokuja tena.

Na karibu nasi, huko Shinkolobwe, mawe yalichimbwa ambayo wachimbaji wenyewe hawakujua kazi yake. Zaidi ya tani 1,200 zilikuwa zimepelekwa New York katika mwaka 1940. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu lilitupwa Hiroshima, na uranio ya Shinkolobwe ilikuwa imechangia sana kulitengeneza. Hakuna barua ya Jadotville ya miaka ile ambayo ingeweza kusema: «mume wangu achimba jiwe la bomu». Hakujua. Ndivyo barua zilivyo: hutuambia yaliyoonekana kutoka mlangoni mwa nyumba, na makubwa mengine hupita nyuma ya nyumba kimya.

Jadotville tena, 1961

Miaka kumi na sita baadaye mji huu huu ukawa mahali pa kungoja kwa watu wengine. Tarehe 13 Septemba 1961 askari wa Ayalandi wa Umoja wa Mataifa, zaidi ya 150, walishambuliwa hapa asubuhi, wengi wao wakiwa katika Misa. Walipigana siku tano chini ya Kamanda Pat Quinlan, kisha wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyekufa. Kwao Ayalandi, nchi ya Wakatoliki, habari za kwanza zilisema kwamba wengi wameuawa. Wake na mama zao walisali siku kadha kwa ajili ya roho za watu waliokuwa hai. Mwezi wa Oktoba walifunguliwa. Kwa upande wa Katanga vijana wengi waliuawa, na mama zao nao walikuwa na machozi yale yale.

Yatupasa nini?

Kwanza, tuzitunze barua za zamani. Katika nyumba nyingi za Likasi kuna sanduku la bati, chini ya nguo za bibi, lenye karatasi za manjano. Mchwa na mvua havingoji. Msizichome mzee akifa. Mwulizeni bibi jina la aliyeandika na mwaka, mkaandike nyuma kwa kalamu ya risasi. Na kama jamaa yakubali, parokia iweze kuwa na nakala.

Pili, tuwe waaminifu katika maneno ya wengine. Siku hizi hatuandiki sana. Twapiga simu, twatuma ujumbe. Lakini mpeleka habari bado yupo, na bado aweza kuongeza au kupunguza. Anayemtumia askari au mchimbaji aliye mbali uvumi juu ya mkewe, bila kuona kwa macho yake, ana dhambi kubwa kuliko anavyofikiri.

Tatu, tuwakumbuke wanaongoja sasa. Wazee wetu wanakumbuka miaka ya 1992 na 1993, watu wa Kasai walipojaa katika stesheni ya Likasi wakingoja treni, na nyumba za mume wa Kasai na mke wa Katanga zikapasuliwa katikati. Katika mwaka 2025 Goma na Bukavu zilitwaliwa na waasi wa M23, na jamaa nyingi zilitawanyika. Msalaba Mwekundu bado wapeleka katika Kongo karatasi fupi za habari za jamaa, kama zile za mwaka 1940. Kama katika mtaa wako yuko mwanamke ambaye simu ya mumewe haiiti tena, mtembelee. Usimwambie kwamba amekufa, wala usimwambie kwamba atarudi kesho. Kaa naye, sali naye rozari, na kama ataka kuandika, mshikie kalamu.